Visigino Tisa

Wiki ya pili ya kazi nilikuta kigae chini ya mto wa kochi, nikajua nimetegwa. Miaka yote niliyokaa Dubai nimezisikia hadithi hizo kwa wenzangu wa kazi za ndani: madam anaficha noti chini ya zulia, au anasahau pete makusudi kwenye mfuko wa nguo chafu, halafu anakaa pembeni aone mkono wako utafanya nini. Huyu wangu hakuwa mtu wa pete. Alikuwa na vigae vya vyungu vya Wagiriki wa kale kwenye kabati la vioo, na kila jioni kabla sijaondoka alivihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, huku mimi nimesimama na mkoba wangu begani. Nilikichukua kile kigae, kipande chekundu na cheusi kisichozidi biskuti, nikamwekea mezani karibu na chai yake.

"Mtego wako huu hapa, Mwalimu."

Alikitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Nimekitafuta siku nne," akasema. "Nilishaanza kukushuku wewe."

"Na mimi nilishakushuku wewe tangu siku ya kwanza."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo tulielewana, kama watu wawili wanaochungana wanaweza kusemwa wanaelewana.

Alikuwa amepita miaka sabini. Kwao walitoka Unguja yeye akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia hapa Dubai, akasomea ng'ambo, akafundisha chuo kikuu mpaka akastaafu, na Kiunguja hakikumtoka hata tone. Siku ya kwanza nilimwita madam, akanikata jicho. "Madam wa nani? Mie mwalimu." Basi ikawa Mwalimu. Yeye aliniita mwanangu akiwa na furaha, mtu wa bara akitaka kunitania kwa kuwa kwetu ni Tabora, na binti akiwa amekasirika. Kwa hiyo kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshajua hali ya hewa.

Alinipata saluni, Al Garhoud, nilikokuwa nikipaka hina. Alimsindikiza mpwa wake aliyekuwa akiolewa, akavuta kiti, akaukodolea macho mkono wangu kwa saa nzima bila kusema neno. Nikajiambia huyu mama ama ana kichaa ama ana lake. Mwishoni akanyoosha mkono wake mbele yangu. Ulikuwa unatetemeka.

"Wangu huu hapa," akasema. "Wako hautetemeki. Unaweza kuchora miguu?"

"Miguu ya nani?"

"Ya watu waliokufa."

Ningekuwa na akili timamu ningekataa. Lakini saluni ilikuwa imenichosha, na mwanawe alikubali kuwa kafeel wangu, mdhamini wa visa, karatasi zikahamishwa, nikawa mtu wao. Asubuhi nilitoka Al Nahda, ambako tulikaa wanawake sita kwenye chumba kimoja chenye vitanda vya juu na chini, nikavuka mji mzima kwa metro na basi mpaka ghorofa lake la Jumeirah Village Circle. Nilifagia, nilipika, nilifua, na ikifika saa nne nilinawa mikono na kukaa mezani kuchora.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu alikuwa anamalizia kitabu kuhusu mchoraji mmoja wa vyungu wa Athene, wa zama zile ambazo wao wasomi huziita za kilele. Mtu huyo hakuandika jina lake popote. Wapo walioandika, fulani kafinyanga, fulani kachora, lakini wengi hawakuandika, na msomi akimtambua mchoraji wa namna hiyo humpa jina la kubuni kutokana na tabia ya mkono wake. Mwalimu alimwita mchoraji wa kisigino. Alimgundua akiwa kijana, kwenye kikombe cha mvinyo kilichokuwa makumbusho moja ya Ulaya, akamtafuta miaka zaidi ya arobaini, akakusanya vyombo tisa vilivyotawanyika miji tisa. Vikombe, mitungi, na chupa moja ndefu ya mafuta. Vyote alisema ni vya mkono mmoja. Hakuna msomi mwingine aliyekuwa na mtu huyu. Alikuwa wake peke yake, na kitabu kilikuwa kimebakiza wiki tatu kwenda kwa mchapaji. Kilichokosekana ni michoro safi tu.

"Huyu ndiye mume niliyebaki naye," aliniambia siku moja, na wala hakutania.

Sikujua lolote kuhusu vyungu vya kuchora. Kwetu chungu ni cha kupikia. Alinifundisha kwa kukasirika, ndivyo alivyofundisha kila mtu. Mafundi wale, alisema, walipaka weusi nje ya mtu, mtu mwenyewe wakamwacha na wekundu wa udongo. Kisha mistari ya ndani, ya jicho, ya kidole, ya mkunjo wa nguo, waliivuta kwa udongo mzito ulioganda na kusimama juu ya chungu. Alinifumba macho kwa kiganja chake akanipitisha kidole juu ya kigae, na kweli niliugusa mstari, mwembamba kama uzi wa cherehani, umeinuka. Mtu aliyeuvuta keshakufa miaka elfu mbili na mia nne na kitu, na kidole changu kinapita alipopita. Nywele zilinisimama, sitaki kudanganya.

"Sasa skiliza," akasema. "Uso usiuamini. Uso kila mchoraji anauchora kwa kuujali, anamwiga mwenziwe, anaufuata mtindo. We shuku uso. Tazama ndewe ya sikio. Tazama mtulinga, tazama kifundo cha mguu. Pale mtu huwa hafikiri, mkono unajiendea, na hapo ndipo unapomkamata."

Kumkamata. Ndilo neno alilolitumia, na mimi nililipenda upesi kuliko inavyofaa. Nilipofika Al Nahda nikaanza kuwachunguza wenzangu. Kuna mtu alikuwa anakula mkate wangu. Sikuuliza, sikulalamika, nikatazama tu mfuko unavyofungwa. Mimi fundo nalizungushia kulia. Aliyekula alilizungushia kushoto na kuchomeka ncha ndani. Siku mbili nikapita nikitazama mafundo ya watu, nikamkuta: Mkenya mmoja anayelinda mlango wa duka kubwa, aliyelala kitanda cha chini yangu. Nilimwambia mbele ya wote na fundo mkononi.

"Wewe ni polisi ama ni nini?" akaniuliza. Lakini mkate akaununua.

Ndiyo nasema nilikuwa nimeshalewa na mambo haya kabla sijafika kwenye visigino.

Kulikuwa pia na droo. Meza ya Mwalimu ilikuwa na droo tatu, na ya chini ilifungwa kwa ufunguo alioutundika shingoni pamoja na kidani. Nilipopangusa meza alinisogelea na kusimama mpaka nimalize upande ule. Siku moja sikuvumilia, nikamuuliza mna nini humo. Nilitegemea anigombeze, lakini alikaa.

"Mna barua ya mtu aliyetaka kunivunjia kazi," akasema. "Mwanafunzi wangu. Mtoto wa kike wa Kiunguja kama mie, kazaliwa Maskati. Nilimlea, nilimpeleka makumbusho zote kwa safari zangu, nikamwonyesha kila kitu. Halafu akaja na maneno yake, ati mchoraji wangu si mmoja, ni watu wawili. Keshajifunza kwangu, sasa anataka kuniondolea mtu wangu ajitengenezee jina. Husuda tupu. Nikamwambia khalas, toka."

"Barua inasemaje?"

"Nilisoma ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili ndio kaorodhesha vyombo, hivi vya mtu huyu, hivi vya yule. Sikuusoma. Nikaitia bahasha, nikaifunga kwa gundi, na kwa utepe juu yake. Miaka thelathini sasa."

Nikamwuliza kwa nini hakuitupa. Akaniambia niende nikatazame wali.

Basi nikaendelea kuchora. Picha zilikuwa kubwa, zimepigwa na taa ya pembeni ili mistari ile iliyoinuka itoe kivuli. Niliweka juu yake karatasi nyembamba ya kunakilia, ile inayoonyesha kilicho chini, nikafuata kwa kalamu ya wino. Mwalimu alinikalia upande wa kulia na kunikosoa. Kisigino cha huyo bwana kilikuwa hivi: nyuma ya kifundo kuna ndoano mbili ndogo zisizogusana, kama mabano yaliyokosana. Wachoraji wengine hawakuwa nazo. Nilichora cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikawa namjua huyu mtu kuliko ninavyowajua baba zangu wadogo.

Kwenye chombo cha sita mkono wangu ulikataa.

Acha nieleze vizuri hapa, maana kila kitu kimesimama hapa. Ukipaka hina kwa koni, unabana, tone linatoka kwanza, ndipo unavuta. Kwa hiyo mstari wowote wa hina una kichwa na una mkia. Kichwa kinene ndipo ulipoanzia, mkia mwembamba ndipo ulipoachia. Mteja haoni. Mpakaji anaona hata asipotaka kuona. Sasa mistari ya wale Wagiriki nayo, kwa kuwa ni udongo mzito, ina kichwa na mkia, na kwenye picha ya taa ya pembeni unauona uvimbe mdogo pale kalamu yao ilipotua. Vyombo vitano vya kwanza, ndoano za kisigino zilianzia juu, upande wa ugoko, zikashuka. Hiki cha sita zilianzia chini kabisa, kwenye kisigino, zikapanda. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kushuka, ndiyo maana ukajikwaa.

Nikarudi nyuma kutazama. Nikaenda mbele nikatazama cha saba, cha nane, cha tisa. Zinapanda. Vitano vinashuka, vinne vinapanda.

Saluni ya Al Garhoud, bibi harusi akiwa na haraka tulikuwa tunamkalia wawili. Mimi mkono wa kulia, mwenzangu Msudani mkono wa kushoto. Mwenye saluni alitaka mikono ifanane kama imepakwa na mtu mmoja, na tukaifananisha kweli, maua yaleyale, mashada yaleyale, wateja wakapiga picha na kusifu. Lakini yeye jani alilianza kwenye ncha, mimi nalianza kwenye kikonyo. Tulikaa pamoja miaka miwili, tukaigana kila kitu, na hilo halikubadilika kwake wala kwangu. Hatukuwahi hata kulizungumza. Ndipo nikaelewa ninachokitazama. Hawa walikuwa watu wawili waliokaa benchi moja, mmoja kamfundisha mwenziwe zile ndoano, au wameigana, na kila mmoja kabaki na pa kuanzia pake.

Jambo la kwanza nililofikiri, naona aibu kulisema, ni visa yangu. Huyu mama alimfukuza mtoto aliyemlea mwenyewe kwa maneno haya haya, mimi mpakaji hina wa juzi atanifanya nini? Nikajikausha. Nikachora cha sita, cha saba, cha nane. Nikala chakula cha mchana. Mwalimu akauliza mbona kimya, nikasema kichwa kinauma.

Siku mbili nilishinda hivyo. Halafu nikaanza kumshuku na yeye. Mwanamke huyu kazitazama picha hizi miaka arobaini. Anaweza kuona kwamba sikio limechorwa na mtu aliyechoka. Hajaona hili? Au ameliona, na hii kazi ya kutafuta mkono usiotetemeka ni ya kupata michoro isiyoonyesha vichwa wala mikia, mistari myembamba sawasawa, msomaji asijue ulipoanzia? Wazo hilo likanikera. Kama ni hivyo, basi mkono wangu ndio uliokuwa unamfukia huyo wa pili. Na mimi kutumiwa bila kujua ndicho kitu nisichoweza kukimeza, hata kwa visa.

Siku ya tatu nikaweka kalamu chini.

"Mwalimu, huyu bwana ni wawili."

Nikamweleza, kichwa na mkia, kushuka na kupanda, jani la hina na kikonyo chake. Niliongea upesi kwa kuwa nilijua nikisimama sitaendelea. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Alikuwa anakigeuza kikombe," akasema hatimaye, kwa sauti ya darasani. "Unakipindua ili upate nafasi ya mkono, mstari unaonekana umepanda."

"Angekipindua, na mstari wa ugoko ungepanda. Hapa ugoko unashuka kwenye vyote tisa. Ni kisigino peke yake."

Akasimama. Mkono wake ulienda shingoni, ukaushika ufunguo.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Binti, nakuuliza. Nani kakutuma? Umeifungua droo yangu?"

"Wallahi sijaigusa."

"Saluni nzima ile, nimekuchukua wewe. Au wewe ndiye uliyewekwa pale nikuchukue?"

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilipandwa na hasira. Nikamwambia mimi nimetoka Tabora kutafuta riziki, Maskati siijui hata upande iliko, na kama anadhani kuna watu wamekaa miaka thelathini wakipanga kumtegea mpakaji hina, basi anajiona mkubwa sana. Si maneno ya kumwambia mtu wa umri wake. Yalishatoka.

"Nenda," akasema. "Nitakupigia."

Wakati naondoka hakuvihesabu vigae. Hilo lilinitisha kuliko maneno.

Siku nne nilikaa Al Nahda nikitazama simu. Wenzangu walikwenda kazini na kurudi, na kila aliyerudi alikuwa na maoni. Yule Mkenya wa mkate alikaa ukingoni mwa kitanda chake akavua viatu vya ulinzi, akanitikisia kichwa. "Sasa wewe, si ungenyamaza tu? Hiyo kazi ni poa sana. Unakaa kwa AC, unachora miguu. Hao watu walikufa, wawe wawili, wawe kumi, wewe shida yako iko wapi?"

"Umejichongea," akaongeza mwingine kutoka kitanda cha juu.

Niliwaza visa, niliwaza mwanawe akipiga simu kusema karatasi zimefutwa. Lakini nitasema ukweli, nilimuwaza zaidi yule bibi peke yake na wanaume wake wawili.

Siku ya tano akapiga. Hakusalimu. "Njoo."

Nilimkuta kavaa buibui kama mtu anayetoka au anayepokea mgeni. Meza ilikuwa imesafishwa, hakuna vitabu wala kalamu. Juu yake kulikuwa na picha zilizokatwa, visigino vitupu, kila kimoja ukubwa wa kiganja, havina jina la mji wala la chombo.

"Nimevichanganya," akasema. "Vitenganishe."

Nikaelewa kwamba najaribiwa, na nikaelewa kwamba mlango wa kutokea umeachwa wazi. Ningevichanganya tu. Ningeviweka sita huku, vitatu kule, ovyo ovyo, nijikune kichwa, niseme basi Mwalimu, nilikosea, macho yangu. Kitabu kingekwenda kwa mchapaji, yeye angebaki na mtu wake, mimi ningebaki na kazi yangu. Nilivitazama vile visigino, na naapa mkono wangu ulishaanza kusogea upande wa uongo. Halafu nikaona kimoja kimewekwa kichwa chini miguu juu. Kakipindua makusudi, aone kama nitadanganyika.

Hapo nikaudhika kabisa. Nikakigeuza, nikakiweka alivyokuwa anakanyaga mwenye mguu, nikavitenga vyote kwa haraka kama ninavyochambua mchele. Vitano kushoto, vinne kulia. "Na hiki," nikamwambia, "ulikipindua."

"Nilikipindua."

Akavua ufunguo shingoni. Ilimchukua muda kuutia tunduni kwa mkono ule, na sikumsaidia kwa kuwa hakutaka kusaidiwa. Akatoa bahasha, akaiweka mezani tuione wote wawili. Utepe ulikuwa umegeuka rangi ya chai, kingo zake zimekauka na kushikana na karatasi. Aliuchunguza mzunguko mzima, tena karibu na jicho, na mimi nikaacha auchunguze. Hakuna mkono uliopita pale.

"Fungua wewe," akasema.

Nilichana. Ukurasa wa pili ulikuwa na safu mbili za mwandiko mzuri uliolala kulia. Mwalimu aligeuza picha zangu moja moja, nyuma alikuwa ameandika miji, nami nikaitafuta kwenye safu za barua. Mji wa kwanza upande wa kushoto ulikuwepo. Wa pili ulikuwepo. Sikuhitaji kufika mwisho, naye hakuhitaji, ila tulifika, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Vitano na vinne. Vilevile.

Alikaa kwenye kiti changu cha kuchorea. Nikadhani atasema kuhusu kitabu, na mchapaji, na miaka yake arobaini. Nilikuwa nimeshaandaa na pole.

"Kumbe hakuwa na husuda," akasema.

Nilikwenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa ameshika simu, anaibonyeza namba kwa kidole kimoja, bila kutazama popote ilipoandikwa. Alikosea mara mbili kwa ajili ya kutetemeka. Mara ya tatu nikamshikia simu, akanitajia namba yote kwa kichwa, tarakimu moja moja, nikabonyeza na kuweka sauti ya nje.

Iliita sana. Kisha sauti ya mwanamke, si ya kijana tena, ikasema salamu aleikum, nani mwenzangu.

"Ni mie," akasema Mwalimu.

Nilisikia televisheni mbali, halafu mtu akaizima.

"Walikuwa wawili," akasema Mwalimu. "Walikuwa wawili, mwanangu."

Nilidhani simu imekatika, nikaitazama.

"Nani kayaona?" ikauliza sauti.

"Msichana anayenifanyia kazi. Mpakaji hina, mtu wa bara."

"Kakwambia mwenyewe? Usoni?"

"Kanambia."

"Umeshamfukuza?"

Mwalimu alinitazama. "Nilimrejesha," akasema.

"Basi huyo usimfukuze," ikasema sauti, na haikuwa na ukali wowote, ndiyo maana ilimwingia.

Nilizima sauti ya nje, nikamshikisha Mwalimu simu kwa mikono yake miwili ili isimwanguke, nikaenda jikoni kuwaachia nafasi. Wali ulikuwa haujatelekwa bado. Mlango sikuufunga.